Fremu Mpya na Mchanga wa Malindi: Filamu, Stika, Tyubu au Nta?

Zipo baiskeli Malindi zimetumika miaka na bado zimevaa nailoni ya kiwandani. Nailoni yenyewe imegeuka rangi ya chai, imepasuka kwenye maungio, gundi ya tepu imeshika vumbi hadi ikawa nyeusi, lakini mwenyewe hataki kusikia habari ya kuitoa. Anailinda rangi. Nia yake haina ubaya, maana baiskeli mpya si kitu cha kununua kila mwaka. Ubaya uko kwenye njia. Kati ya zote nitakazozitaja hapa, hakuna inayoiharibu rangi haraka kama hiyo.

Njia nyingine tulizonazo ni filamu ya kulinda rangi, stika ya uwazi ya wachora mabango, tyubu kuukuu, tepu ya mpira, nta, seramiki ya kupaka, na madigadi. Nitazipambanisha mbili mbili, kwa sababu nyingi hazifanyi kazi moja. Nta haizuii jiwe. Filamu haina haja ya kufunika fremu nzima. Mtu akiingia dukani akauliza “ipi nzuri?” bila kusema ni ya sehemu gani ya fremu, atauziwa ile iliyokaa dukani muda mrefu.

Kinachoichubua rangi huku kwetu

Watu wengi huogopa kokoto. Mimi naogopa mchanga zaidi.

Mto Sabaki unatoka bara, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na ukishapita daraja letu unamwaga tope na mchanga wake baharini kaskazini ya mji. Ndio unaoufanya ufuo wa Malindi uwe wa kahawia wenye chembe za kumetameta, wakati Watamu ufuo ni mweupe. Tofauti hiyo inaihusu baiskeli yako moja kwa moja. Mchanga mweupe wa Watamu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na madini ya chokaa yaliyomo yana ugumu wa kati ya 3 na 4 kwenye kipimo cha Mohs. Mchanga wa mto una madini ya kwatzi, na kwatzi ni 7. Kwatzi inakwaruza kioo, sembuse rangi. Na usifikiri ukienda msituni umepona, kwani mchanga mweupe wa Arabuko-Sokoke si wa matumbawe hata kama unafanana na wa ufuoni. Ule nao ni kwatzi.

Kwa hiyo ukirudi kutoka Mambrui au Marafa na baiskeli imejaa vumbi, halafu ukachukua kitambaa kikavu ukaanza kuing’arisha, unaipiga msasa. Kila kitu kinachobana mchanga dhidi ya fremu na kutikisika hufanya kazi hiyohiyo: kamba ya mkoba, waya wa breki unaogusa paipu ya mbele, mguu wa keria, na ile nailoni.

Mawe yana mahali pake. Tairi la mbele huyaokota na kuyarusha nyuma, yakapiga uso wa chini wa paipu ya chini na pale krenki zinapozungukia. Barabara ya Mombasa ni lami, lakini ukingoni, ambapo ndipo matatu hukusukumia, kokoto zimelala tele. Juu ya fremu hupati jiwe ila kwa bahati mbaya.

Paipu ndogo ya nyuma upande wa cheni hupigwa na cheni yenyewe kila ukishuka kwenye shimo. Paipu ya juu hukwaruzwa na ukuta. Majumba yetu mengi ya zamani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukuta wa matumbawe uliobanduka lipu una meno. Wenzetu wa Lamu, wanaoburura baiskeli kwenye vichochoro ambamo punda akipita lazima ujibane, wanalijua hilo kuliko sisi. Wao mawe ya tairi si shida kubwa, shida yao ni ukuta.

Halafu chumvi. Chumvi haikwaruzi, ila husubiri pale rangi ilipobanduka. Upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini, fremu iliyolala nje upande wa Shela au Casuarina huamka na utando unaonata kidoleni. Unyevu huo ukiingia kwenye kovu dogo la rangi, kovu halibaki dogo.

Nailoni ya kiwandani: itoe

Mazungumzo haya hufanyika kwa kila fundi wa baiskeli:

“Kaka, hii nailoni niitoe?”

“Iache tu, fundi. Isiingie vumbi.”

Fundi anaweka mkasi chini, kwa sababu mteja ndiye mwenye mali, na vumbi linaanza kuingia siku hiyohiyo.

Nailoni ile, pamoja na sponji nyembamba iliyozungushwa kwenye mapaipu, iliwekwa kwa ajili ya safari ya kwenye kontena. Haikubandikwa kwenye rangi, imezungushwa tu na kufungwa tepu. Mchanga huingia juu, hukwama katikati, na kila mtikisiko huusugua. Maji ya mvua nayo huingia na kuteremka kwenye paipu ya chini hadi kituo cha chini kabisa, karibu na krenki, yakakaa humo. Ukimpata mwenye kukubali kuifungua baada ya mwaka, utaona rangi iliyofifia kama kioo kilichosuguliwa, na kama fremu ni ya chuma, mistari ya kutu imefuata kingo za tepu sawasawa. Sina la kuongeza juu ya nailoni.

Filamu dhidi ya stika ya uwazi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu vitu hivi viwili vikiwa kwenye roli vinafanana na vinauzwa kwa jina moja.

Filamu ya kweli, ile wauzaji wanayoiita PPF, ni plastiki laini ya poliurethani. Asili yake ni jeshi la Marekani, lililobandika tepu ya aina hiyo kwenye mapanga ya helikopta wakati wa vita vya Vietnam ili mchanga usiyale, na mpaka leo waendesha baiskeli wengi huiita tepu ya helikopta. Ya kawaida ina unene wa milimita 0.2 hivi. Ukikumbuka kwamba rangi ya poda kwenye fremu nyingi haifiki milimita 0.1 au inazidi kidogo tu, utaona kwamba filamu peke yake ni nene kuliko rangi inayoilinda. Nguvu yake iko kwenye ulaini. Jiwe likipiga, filamu hubonyea, hulipokea pigo na kulitandaza, kisha hurudi. Zile bora zina tabaka la juu ambalo mikwaruzo midogo hujifuta ikipata joto, na joto Malindi si kitu cha kununua.

Stika ya uwazi ni vinaili, yaani PVC. Hii utaipata kwa wanaochora mabango na kupamba tuktuk, unakatiwa unachotaka papo hapo na bei yake haiumi. Unene wake ni kama nusu ya filamu, na haina ule ulaini. Jiwe likipiga, pigo hupita. Jua letu huigeuza manjano, hasa kwenye fremu nyeupe au ya rangi ya mwangaza. Kisha huanza kujivuta, kingo zinarudi ndani na kuacha ukanda wa gundi, na gundi hiyo hukusanya vumbi mpaka unapata mstari mweusi kuzunguka kila kipande. Kuitoa ni kazi nyingine, maana ikishakauka hutoka vipande vidogo vidogo na gundi hubaki kwenye fremu.

Hata hivyo siitupi stika. Kwa mahali ambapo waya unagusa paipu ya mbele, au ambapo kisigino chako husugua paipu ya nyuma, kipande kidogo cha stika kinatosha kabisa. Hapo hakuna jiwe, kuna msuguano tu, na ikichakaa unabandua na kuweka nyingine kabla haijawa kero. Filamu hapo ni anasa. Filamu iweke kwenye paipu ya chini, ambapo stika haifai.

Utazijuaje dukani? Omba kipande kidogo cha pembeni ukivute kwa vidole. Poliurethani huvutika kama mpira na kurudi polepole. Vinaili huvutika kidogo, ikabaki imelegea ilivyovutwa, na mara nyingi huonyesha weupe pale ilipoteseka. Muuzaji akikataa kukupa hata kipande cha kuvuta, jibu umeshalipata.

Tofauti nyingine ni subira wakati wa kubandika. Stika unaweza kuibandika kavu ukiwa na mkono mzuri. Filamu hubandikwa kwa maji, na kazi yote iko kwenye maandalizi.

Osha fremu kwa sabuni, iache ikauke, kisha ipanguse kwa spiriti ya hospitalini ili mafuta yote yatoke. Kata karatasi kwanza kwa umbo la sehemu unayotaka, ijaribishe, ndipo ukate filamu. Pembe zote zikate ziwe mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo ya kwanza kuinuka. Changanya maji na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kupulizia. Lowesha fremu, lowesha upande wa gundi, lowesha vidole vyako pia, kwa sababu kidole kikavu huacha alama kwenye gundi na alama hiyo haiondoki. Laza filamu, itelezeshe mpaka ikae sawa, halafu anza kusukuma maji kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi kuukuu ya benki iliyofungwa kitambaa laini. Kwenye mviringo itakaidi. Iache dakika chache gundi ishike katikati, kisha pasha kingo kwa draya ya nywele, joto la kiasi, ukibonyeza kwa kidole gumba. Vipovu vya maji vilivyobaki hupotea vyenyewe kwa siku chache. Kipovu cha hewa kitoboe kwa sindano nyembamba.

Mambo matatu ya huku kwetu ambayo maelezo ya kwenye pakiti hayayataji. Kwanza maji. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na visima vya Pwani vina chumvi. Maji hayo yakikauka chini ya filamu huacha madoa meupe ambayo utayatazama mpaka siku utakapoibandua. Tumia maji ya kunywa ya chupa au ya mvua. Pili jua. Fremu iliyokaa nje ikapata moto hukausha maji kabla hujamaliza kulaza filamu, na gundi hushika hapo hapo hata kama imekaa upande. Fanya asubuhi, chumbani, baada ya sakafu kupigwa deki, na feni izimwe. Tatu upepo. Kwenye baraza hutafanikiwa, hasa wakati wa kaskazi vumbi likiwa jepesi, kwa sababu punje moja chini ya filamu huonekana kama chunusi.

Kama fremu yako si ya kung’aa, tafuta filamu isiyong’aa pia, la sivyo utapata kiraka kinachometa. Kama michoro ya fremu ni stika zilizobandikwa juu ya rangi bila vanishi ya kuzifunika, usilaze filamu juu yake, maana siku ukiitoa utatoka na jina la baiskeli. Pitisha ukucha ukingoni mwa mchoro. Ukucha ukikwama, mchoro uko juu. Na kama fremu imepakwa rangi upya mtaani badala ya kuokwa kiwandani, iache kama mwezi ikomae kabla hujaibandika chochote.

Tyubu kuukuu dhidi ya tepu ya mpira

Sehemu ya kugombaniwa hapa ni moja, ile paipu ndogo ya nyuma chini ya cheni. Filamu nyembamba haifai sana, kwa sababu cheni hupiga mahali palepale maelfu ya mara. Panahitaji mpira mnene.

Tyubu kuukuu ni bure. Fundi yeyote ana rundo. Unaikata utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, unaanza nyuma karibu na gurudumu, unaizungusha huku ukiivuta na kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, unafunga mwisho kwa vibanio vya plastiki. Kelele za cheni hupungua papo hapo. Kwa mtu wa bara kukavu ningesema yatosha. Kwetu shida ni ileile ya nailoni, kwa kiasi kidogo, kwamba maji na mchanga hupita kati ya mizunguko. Kwenye fremu ya alumini unaweza kuivumilia, mradi uifungue mara kwa mara na kuosha. Kwenye fremu ya chuma siipendekezi, kwa sababu hutaifungua. Kila mtu husema ataifungua.

Tepu ya mpira yenye gundi, ile nene ya mafundi wa umeme ya kuzibia maungio ya nyaya dhidi ya maji, ndiyo inayoshinda. Ina unene unaozidi milimita 1, inashika kwenye fremu yenyewe, na inafuata kila kona. Unakata kipande kirefu cha kufunika uso wa juu na wa ndani wa paipu, huna haja ya kuzungusha, kwa hiyo upande wa chini unabaki wazi na maji hayana pa kukaa. Cheni hupiga bila sauti. Ukitaka kuitoa, ipashe joto kidogo, ivute polepole, na mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha sabuni. Usitumie tina ya kuyeyushia rangi wala dawa ya kutoa rangi ya kucha. Hizo huondoa gundi na rangi kwa pamoja.

Kuna jamaa yake ya silikoni inayojishika yenyewe bila gundi. Ni safi na nzuri kwa macho, lakini haishikani na fremu, hivyo maji huweza kupita chini yake. Naiweka katikati ya hizo mbili. Tepu ya kawaida ya umeme, ile nyembamba ya kung’aa, usiiguse kabisa. Gundi yake huyeyuka kwa joto, tepu huteleza, na suruali yako hupata doa.

Nta dhidi ya seramiki

Hapa ushindani ni mdogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Zote mbili ni tabaka jembamba mno ambalo halizuii jiwe hata dogo. Muuzaji akikuambia seramiki italinda fremu dhidi ya kokoto, mwombe arushe moja kwenye baiskeli yake. Kazi yao ni kufanya maji, vumbi na chumvi visishike, ili ukimwaga maji uchafu utoke bila kusuguliwa. Na kwa kuwa mchanga unaosuguliwa ndio adui, hiyo ni kazi kubwa.

Seramiki hudumu muda mrefu kuliko nta, lakini hufunga chochote ilichokuta. Kama rangi ilikuwa na mikwaruzo au doa, umelifungia ndani. Inahitaji fremu iwe imesafishwa kwa ukamilifu, ipakwe kidogo kidogo, ifutwe kabla haijaganda, na isipate maji mpaka ikomae. Bei nayo iko juu. Nta ya gari unaipaka kwa kitambaa, unasubiri iwe kama ukungu, unafuta. Kosa halidumu, maana baada ya miezi michache imekwisha na unarudia. Mimi kwa baiskeli ya kila siku huchagua nta bila kufikiri mara mbili. Seramiki ni ya mwenye fremu ya bei mbaya isiyong’aa, kwa sababu nta nyingi huacha mabaka ya kung’aa kwenye rangi ya aina hiyo.

Kwa zote mbili, linda breki. Nta au seramiki ikigusa diski ya breki au ukingo wa rimu unaobanwa na raba, breki inakufa. Paka kwa kitambaa, usipulizie hewani, na magurudumu yatoe kwanza kama unaweza.

Madigadi, ambayo hakuna anayeyataja

Wazee wenye baiskeli zao nyeusi za Black Mamba walilimaliza suala la mawe zamani. Digadi la mbele refu, na chini yake kipande cha raba kinachoning’inia karibu na ardhi, wengine wakikiandikia maneno ya kuchekesha. Jiwe linalookotwa na tairi hupiga raba likaanguka. Halifiki kwenye paipu ya chini kabisa. Vijana wenye baiskeli za milimani huyatoa madigadi siku ya kwanza kwa ajili ya mwonekano, halafu hutafuta filamu ya bei mara kadhaa ya digadi. Kama baiskeli yako inakubali digadi, hilo ndilo la kwanza kununua. Hakikisha tu miguu ya digadi haigusi rangi ya foku, na kama inagusa, kipande cha stika kiwekwe katikati.

Fremu ya chuma, ya alumini, ya kaboni

Chuma kikibanduka rangi hushika kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi iliyobaki. Mwenye fremu ya chuma anapaswa kuwa na haraka zaidi ya kuziba kuliko kufunika.

Alumini haishiki kutu nyekundu, na ndiyo maana watu huisahau. Lakini kwenye chumvi hutoa unga mweupe, na rangi hufura kama lengelenge, hasa kuzunguka skrubu za chuma za keria na za kishikizo cha chupa. Tia grisi kwenye skrubu hizo. Filamu haitakusaidia hapo.

Kaboni hailiwi na kutu, ila pigo kali linaweza kuacha ufa usioonekana haraka. Kwa hiyo juu yake tumia kitu cha uwazi tu. Tepu nyeusi au tyubu kwenye paipu ya chini ya kaboni hukuficha usione unachopaswa kukiona. Na draya isikae mahali pamoja, iwe inatembea.

Nani achukue nini

Mwenye baiskeli ya chuma ya kwenda kazini na sokoni, kutoka Maweni au Muyeye hadi mjini: madigadi yenye raba, nta, na vipande viwili vitatu vya stika kwenye waya. Filamu haina kazi kwako. Pesa yake nunua cheni mpya.

Mwenye baiskeli ya alumini ya milimani anayekwenda Gede kupitia msituni, au Marafa kuona korongo la Nyari: filamu kipande kimoja kirefu kwenye uso wa chini wa paipu ya chini, kuanzia nyuma ya tairi la mbele hadi kwenye krenki, na tepu ya mpira kwenye paipu ya cheni. Ukibeba mikoba, weka filamu pia kila kamba inapopita, na uikaze kamba isicheze. Kwingine nta. Huna haja ya zile seti zilizokatwa za kufunika fremu nzima. Kila kipande kina kingo, na kila ukingo ni mahali pa vumbi kuanzia. Fremu yenye vipande vitatu vilivyobandikwa vizuri huzeeka vyema kuliko yenye vipande ishirini vilivyobandikwa kwa haraka.

Mwenye kaboni aliyeileta kutoka nje: filamu hapohapo nilipotaja, ongeza paipu ya juu kwa sababu ya kuta zetu, kisha seramiki kama una subira ya kuipaka.

Wa Lamu mjini: paipu ya juu na ncha za hendeli kwanza. Kipande cha filamu juu na ubavuni, na kengele inayosikika.

Kwa wote, kuosha ni kumwaga maji kwanza, mengi, mchanga uanguke, ndipo sponji na sabuni. Maji yawe yasiyo na chumvi. Mashine za kuoshea pikipiki ziwe mbali na kingo za filamu na mbali zaidi na bearingi. Vijana wa pale huamini pua ya mashine ikikaribia zaidi ndipo baiskeli hutakata zaidi, na filamu iliyoanza kuinuka kidogo huondoka nzima.

Na jiwe likishapiga ukaona nukta ya chuma au alumini inang’aa, usifunike mara moja kwa stika. Kausha, safisha kwa spiriti, kama kuna kutu ikwangue kwa msasa laini mpaka uone chuma safi, kisha tia tone la rangi ya kucha kwa kijiti cha kiberiti. Maduka ya vipodozi yana rangi nyingi kuliko duka lolote la baiskeli, na ukienda na fremu yenyewe mlangoni, muuzaji atakusaidia kulinganisha huku akikucheka. Tone la pili litie la kwanza likishakauka, lijae mpaka lilingane na rangi ya pembeni. Liache siku moja au mbili ligande kabla ya kulaza filamu juu yake.